Mia Moja ya Nyabuto

Ilikuwa saa nne na dakika kumi, asubuhi ya Sabato, mlima ulipoporomoka. Nataja saa kwa sababu watu huniamini kwa kutaja mambo sawasawa, na imani hiyo ndiyo niliyoitumia kumnyang'anya marehemu heshima yake. Nimekosa, na sina kisingizio.

Ninaishi upande wa Manga. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, hadi nikawa mzee wa kanisa na mtu wa kuitwa kwenye kila kamati. Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikapendekeza Nyabuto afutwe ushirika. Kosa lake? Kuendesha bodaboda siku ya Sabato!

Siku hiyo tulisikia mngurumo katikati ya somo, tukatoka mbio. Nyumba za bondeni zilikuwa zimefunikwa na udongo. Niliteremka kwenda kusaidia, nikateleza, mguu ukavunjika. Na nani akanibeba? Nyabuto! Alinipakia kwenye pikipiki, akanifunga kwake kwa leso nisianguke, akanifikisha zahanati.

Nikampa noti ya mia moja. Akacheka, akairudisha kwenye mfuko wa shati langu.

"Wee mzee, leo si Sabato? Unataka nifutwe mara ya pili?"

Akageuza pikipiki, akarudi mlimani. Alikuwa akimvuta bibi mmoja kutoka kwenye tope udongo uliposhuka tena. Bibi alipona. Nyabuto tulimzika, pamoja na vijana wawili waliokuwa wakichimba naye.

Matangani nilimweleza mjane wake, Kemunto, jinsi mumewe alivyoikataa pesa yangu. Akalia.

"Asante, tata," akasema, kama tunavyomwita baba huku kwetu. "Nitawaambia watoto."

Baadaye ikatangazwa kwamba serikali itasimamisha jiwe la ukumbusho sokoni, lenye majina ya waliokufa wakiokoa wengine. Watoto wao wangelipiwa karo hadi kidato cha nne. Sharti lilikuwa moja: marehemu awe alijitolea, si mtu aliyekuwa akifanya kazi ya malipo. Chifu akaita kamati. Wale vijana wawili walipita bila swali. Likaja jina la Nyabuto.

"Huyu alikuwa anaokoa watu au anatafuta abiria?" chifu akauliza. "Mzee, wewe alikubeba. Ulimlipa?"

Nikajiona nikipita sokoni kila siku mbele ya jina la mtu niliyemfukuza kanisani. Nikaona watu wakinong'ona juu yangu.

"Nilimpa mia moja," nikasema.

"Akachukua?"

"Akachukua."

Hivyo tu! Jina likakatwa, tukaletewa chai.

Hakuna aliyemwambia Kemunto. Siku ya kuzindua jiwe alikuja na watoto watatu, sare zao zimepigwa pasi. Kitambaa kilipoondolewa, alisoma majina mawili, akayasoma tena. Akamwuliza chifu liko wapi la tatu.

"Mama, mumeo alikuwa kazini," chifu akasema mbele ya umati. "Shahidi ni huyu mzee."

Kemunto akanigeukia. "Tata, uliniambia nini matangani?"

Nikaangalia fimbo yangu.

"Kwa hiyo alichukua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mungu wangu, kwa mara ya pili! Watoto wake wakiniangalia!

Akafungua fundo la leso, akatoa noti ya mia moja, akaitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Basi hilo ni deni letu. Mume wangu hakula pesa ya mtu aliyevunjika mguu. Nenda nayo nyumbani, mzee."

Hakuniita tata tena.

Mguu wangu haukuunga vizuri, na huku kwetu ni milima mitupu. Nikisimamisha bodaboda, vijana huniambia, "Panda, mzee, lakini tumpitie chifu kwanza ashuhudie nauli!" Hucheka, kisha huondoka.

Nilimwendea chifu nikakiri. "Sasa unataka nivunje jiwe?" akasema. "Faili imefungwa. Nenda ukaombe."

Nilikwenda kwa Kemunto. Hakunifungulia mlango. "Ulimsingizia mume wangu sokoni," akasema kutoka ndani. "Kaseme sokoni."

Sijaenda. Hata hapa sijaweka jina langu, unaona! Kifungua mimba wao ameacha shule, anachuma majani chai katika mashamba ya watu. Tukikutana njiani hunishika mkono na kuuliza mguu unaendeleaje. Heri angenitukana!

Wewe unayeitwa kutoa ushahidi juu ya marehemu, sikiliza. Hawezi kusimama akakujibu. Kama una kinyongo naye, kaa nyumbani, sema unaumwa!

Nimepiga hesabu, maana ndiyo tabia yangu. Noti niliyompa Nyabuto ilirudi mfukoni mwangu siku ile ile. Ya Kemunto imo ndani ya Biblia, nimekosa uso wa kuirudisha. Kwa kumzika Nyabuto mara ya pili, nimepata faida ya shilingi mia moja.