Bushi Mpya kwa Safari ya Mama

Juzi nilikuwa napita Biwi, mtaa wa Lilongwe ninakoishi sasa, nikasikia harufu ya raba inayoungua. Fundi mmoja alikuwa anachoma bushi kuukuu ili zitoke kwenye vyuma vya gurudumu. Rafiki yangu, nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya mpaka akaniuliza kama nimeleta gari. Sikuwa na gari. Nilikuwa namwona baba amepiga magoti kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi, miaka ile nikiwa mtoto.

Sisi tulitoka Bukavu. Jirani yetu alikuwa Mrundi, mwenye gari la zamani la Kifaransa, refu, lenye mlango nyuma, rangi ya maziwa. Alilitumia kubebea mahindi kutoka soko la Mponela. Asubuhi lilikohoa kwanza kabla ya kuwaka, kuku wakatawanyika, na mama akasema mzee ameamka. Mama alijifunza kusonga nsima, ugali wa huku, kama wenyeji, lakini sombe yake ilibaki ya Bukavu. Kazi yangu ilikuwa kutwanga hayo majani ya muhogo. Yeye aliketi ndani, akisikiliza mchi tu, na alijua yamelainika au bado.

Kisha mifupa ikaanza kumuuma. Hospitali ya Lilongwe ikawa inamwita mara kwa mara, na jirani ndiye aliyempeleka. Lakini bushi, zile raba zinazozuia chuma kisigonge chuma chini ya gari, zilikuwa zimekwisha. Kila shimo lilimpiga mama mgongoni. Siku moja alirudi ameuma kitenge chake mpaka kimetoboka. Akamwambia baba, "Mi sirudi tena kule. Afazali nifie hapa."

Baba hakubishana. Kesho yake alishuka Lilongwe, akarudi na bushi mpya. Kule Bukavu alikuwa fundi; huku aliishi kwa vibarua vya shambani. Jirani akamkabidhi ufunguo kabla hajamaliza kuomba. Wakaliinua gari, wakaliegemeza juu ya magogo, wakatoa magurudumu. Bushi za zamani zilikataa kutoka, baba akazichoma, moshi ukaingia hadi kanisani kwaya ilikokuwa inafanya mazoezi. Mpya zilihitaji maji ya sabuni ili ziteleze, na mama ndiye aliyeyakoroga, amekaa mlangoni, ingawa baba alimsihi alale. Jirani alitaka kukaza bolti palepale. Baba akasema hapana, gari lishuke kwanza libebe uzito wake, la sivyo raba itajipinda na kukatika.

Safari iliyofuata baba aliendesha mwenyewe, jirani kando yake. Mimi nilikuwa nyuma, kichwa cha mama mapajani mwangu. Tulipoiacha kambi nilijikaza, nikingoja shimo la kwanza. Gari likazama, likainuka, kimya. Mama akafumbua macho.

"Bametengeneza barabara?"

Baba alimtazama kwenye kioo, akaitikia. "Njo vile. Bametengeneza."

Akalala usingizi mpaka Lilongwe. Hakuwa amelala hivyo tangu mvua zianze.

Hakurudi akiwa hai. Tulimchukua kwa gari lilelile, viti vya nyuma vimelazwa, sanduku limefunikwa kitenge. Baba alikwenda polepole, akikwepa kila shimo, mpaka jirani akamwambia kwa upole, "Ndugu, haumii tena." Baba hakuongeza mwendo.

Jirani alihamishiwa nchi ya mbali. Gari walilichukua watu wa Madisi, nasikia wamelikata kuwa vyuma chakavu. Kwaya ile imetawanyika, na nyumba yetu ya wakati ule imeshaanguka kwa mvua. Baba hajashika spana tena.

Jumapili nilikwenda kumsalimia. Tulikula, tukaongea habari za mahindi, kisha nikamwambia jambo linalonisumbua: maneno ya mama ninayo yote, lakini sauti yake siisikii tena. Nikamuuliza ilikuwaje, nzito au nyembamba.

Baba aliacha kula.

"Na mi nilikuwa nazani we njo unaikumbuka," akasema.