Shubiri Moja Kandokando ya Bomba

Tanuri la mikate la mama, hapa Ngamiani, lina bomba la bati linalopita darini kutoa moshi nje. Fundi wetu, ambaye kila tundu kwake huzibwa kwa makumbi ya nazi, aliyashindilia kwenye mwanya unaolizunguka bomba darini, eti popo wasipite. Niliyakuta yameshaanza kuungua. Nikayang'oa yote kwa hasira, nikauziba mwanya kwa bati na simenti inayohimili moto, kisha nikaacha shubiri nzima kandokando ya bomba pasikae kitu, kisije kikashika moto.

Wiki iliyofuata nilipanda darini kukagua. Gunia la makumbi limeegemea bomba.

"Mama, haya nani kayaweka hapa?"

"Mimi, mwanangu. Ya kuwashia tanuri, hapo yatakauka upesi. Si umeniachia nafasi?"