Pensheni ya Kitwe

Dada yangu Anyesi alikuwa anapata pensheni kutoka Zambia. Marehemu mumewe, Batholomeo, alichimba shaba Kitwe mpaka kifua kikamshinda, akarudi kwetu Msalato, akafa. Wazungu wa mgodi wakawa wanamletea mjane fedha kidogo kupitia benki. Kwa fedha hizo dada alinunua mashine ya kusaga, na kwa sababu ya mashine akaanza kupeleka hesabu za mapato ofisi ya kodi, mjini Dodoma.

Mimi Yudith, mdogo wake, sijawahi kumpenda shemeji yake Sostenes, na sifichi. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulimkabidhi Sostenes upinde wa kaka yake, maana yake amemrithi mjane. Hakulala kwa dada hata siku moja. Ana mke wake, na dada alikwishakataa. Lakini katika ukoo ule, ukishapewa upinde mnaitana mume na mke, basi. Dada alimwita "mume wangu" kwa heshima zote. Bwana yule akaona jina lina faida, akaanza kuleta watu kuitazama nyumba ya dada ili aiuze. Ukimuuliza, anakujibu mali ya mke wake ni yake. Wazee wa ukoo kimya. Dada akawa hapati usingizi, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Mwaka ule wa tisini na tatu, Munir, kijana wa ofisi ya kodi, alimwambia kwamba hata pensheni ya nje ni mapato, lazima iandikwe. Dada akaiandika. Kwenye nafasi ya mume akaandika Sostenes.

Nikamwambia, "Dada, hapo umeharibu."

"Sasa niandike nani? Aliyepewa upinde si yeye?"

Haukupita muda Sostenes akaitwa mjini, na sisi tukaitwa. Munir akamwamkia shikamoo, akamweleza taratibu: kwa sheria, mapato ya mke yanahesabiwa kwa mume. Kwa hiyo kodi ya mashine, pamoja na ya pensheni kwa miaka yote ambayo haikuandikwa, atalipa yeye.

Sostenes akang'aka. "Pensheni hiyo hata harufu yake siijui."

"Lakini mama huyu ni mke wako, mzee?"

Nikadakia, "Mwenyewe ndivyo anavyowaambia wanunuzi wa nyumba." Dada akanifinya.

Sostenes akainama. "Huyu ni mjane wa kaka yangu. Si mke wangu. Kwake sina changu."

Munir akamwambia ayaandike hayo. Akaandika, akatia sahihi, akaondoka bila kutuaga. Nusura nipige vigelegele mle ofisini.

Dada akauliza, "Kwa hiyo kodi hiyo ni yangu?"

"Ndiyo, mama. Unaruhusiwa kulipa kidogo kidogo."

"Nitalipa."

Tulipofika nje nikaona analia. Nikakasirika. Nikamwambia nyumba imepona, hakuna wa kuigusa tena, sasa analilia nini, yule mtu?

"Simlilii yeye," akasema. "Nilikuwa namwita mume wangu, nikawa nahisi Batholomeo yupoyupo. Leo ndiyo nimefiwa, Yudith."

Nikamshika mkono, tukarudi Msalato kufungua mashine.