Paskalia Mchomaji wa Stesheni

Mji mzima wa Morogoro, enzi ya Mdachi, hapakuwa na mtu wa kuchoma upesi kumshinda Paskalia. Hilo hata mahasimu wake walilikubali, na alikuwa nao kadhaa, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kifuniko. Gari la moshi likifika stesheni lilisimama kwa muda wa kujaza maji tu, na abiria wenye njaa walitaka kula kabla tangi halijajaa. Wachuuzi wenzake waliwapelekea muhogo uliochomwa asubuhi, umepoa na kukakamaa. Paskalia alisema kumuuzia msafiri muhogo wa namna ile ni dhambi, naye alikuwa Mkatoliki wa misheni ya mlimani, dhambi alizijua kwa majina.

Basi akabuni namna yake. Nyama ya mbuzi aliikata nyembamba, akailaza kwenye ndimu, chumvi na pilipili tangu alfajiri. Ndizi mbichi alizipasua kwa urefu pamoja na maganda yake ili moto uingie haraka. Mahindi aliyafukia kwenye majivu ya moto hadi yakaiva nusu, akayaweka kando. Honi ikilia tu, alipepea makaa kwa ungo mkuukuu, akatandaza kila kitu juu ya vyuma, na magurudumu yaliposimama nyama ilikuwa inachuruzika mafuta. Mtu alinyoosha mkono dirishani, na kabla hajamaliza kuuliza, chakula kilikuwa mkononi mwake ndani ya jani la mgomba. Januari jua likiwa kali, moto chini na jua juu, Paskalia alilowa jasho mpaka kwenye viwiko.

Wala hakuwa mtu wa joto. Kwao ni juu kabisa, upande wa Mgeta, ambako hata Januari mtu huamka amejitanda shuka na ukungu umejaa mlangoni. Aliteremka kwa sababu ya Petro. Mumewe huyo alikuwa ameandikwa kazi ya kutandika reli kuelekea Tabora, akaaga kwa kusema kwamba reli hiyohiyo ndiyo itakayomrudisha. Paskalia alikaa mlimani miezi michache akiutazama moshi wa gari ukipita kule chini, hadi akachoka. Moshi haukumwambia nani ameshuka na nani hakushuka. Akabeba ungo wake akaja kukaa mahali watu wanaposhukia, na hilo jiko, tuseme ukweli, lilikuwa kisingizio.

Alimtamani mumewe kwa namna ambayo hakuweza kuungama hata kwa padri. Alitamani kukisikia kikohozi chake cha asubuhi. Alitamani kumwona akila ndizi ya moto, maana Petro hakuwahi kujifunza kungoja. Aliipuliza mara mbili, akaitia mdomoni, akaungua ulimi, akamlaumu mpishi. Miaka mitatu sasa hakuna aliyemlaumu. Gari lililotoka bara likiingia, mikono yake ilichoma na macho yake yalipita behewa moja baada ya jingine, na abiria wa mwisho aliposhuka, alisema moyoni, labda la kesho.

Mjomba wake Andrea alishamtumia salamu mara tatu: rudi, shamba la ukoo limeota magugu, na mwanamke hafungwi na mume wa kusikika tu. Paskalia alijibu kwamba ndoa ya kanisani haifunguliwi kwa salamu za mjomba. Mara ya tatu hakujibu kabisa.

Habari za Petro alizipata kwa mtu mmoja tu, Kibwana wa Mikese, mpakia kuni wa gari la moshi, aliyefika hadi mwisho wa reli na kurudi. Na hapo ndipo penye balaa, kwa sababu ukoo wa Kibwana na ukoo wa Paskalia ni watani. Unajua utani wa Waluguru. Mtani anaruhusiwa kukunyang'anya nyama jikoni na kukuambia umenenepa kama gogo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Anaruhusiwa hata kukuzika ukiwa hai. Kibwana alizitumia ruhusa hizo zote.

"Mtani, Petro wako ameoa," alisema safari moja, huku akichomoa mshikaki bila kuomba.

"Ameoa nani, kipofu?"

Safari nyingine Petro alikuwa ameliwa na simba, na simba akaugua tumbo. Safari nyingine amekuwa padri. Paskalia alicheka, akamrushia majivu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Haya, niambie kweli." Ndipo Kibwana alipomwambia kweli: mzima, amekonda kidogo, anakusalimu. Kwa salamu hiyo aliishi hadi gari lijalo.

Siku hiyo ya Januari gari la bara liliingia saa sita, jua la utosi. Kibwana aliteremka akaja moja kwa moja jikoni. Hakuchukua kitu.

"Paskalia," alisema. "Petro amefariki. Homa. Tumemzika Jumanne."

Paskalia alicheka. Alicheka kwa sababu ndiyo adabu, na kwa sababu mikono sita ilikuwa imenyooshwa madirishani.

"Safari hii simba hajaugua?" akauliza, akamtupia majivu ya kutosha kifuani. "Na wewe utakufa kesho, nikuzike kwenye shimo la fuko! Ondoka hapo, unanizibia upepo."

Kibwana hakujipangusa. Paskalia aliuza mishikaki, akauza ndizi, akageuka akijua sasa utani umekwisha.

"Haya, niambie kweli."

"Nimeshakuambia."

Honi ililia. Mwenzake Kibwana alimwita kutoka juu ya kuni, akamwita tena, kisha gari likaanza kujivuta. Kibwana hakugeuka. Mtu huyo hajawahi kuachwa na gari tangu aandikwe kazi. Lilipita mbele yao behewa kwa behewa, na yeye akachutama jikoni, akamtoa Paskalia koleo mkononi taratibu, akaanza kugeuza nyama iliyobaki.

Uluguruni, penye msiba, mtani ndiye anayeshika kazi. Anachimba kaburi, anateka maji, anasimamia moto. Mfiwa hagusi jiko. Paskalia aliitazama mikono yake mitupu, akaelewa.

Alikaa chini kwenye kokoto za reli. Wachuuzi wenzake walitua bidhaa zao chini, hata wale wenye muhogo uliopoa. Nyama ilikuwa inaungua upande mmoja, kwa kuwa Kibwana hakujua kuchoma.

"Nitanie," Paskalia alisema.

Kibwana alitikisa kichwa.

"Nitanie, Kibwana. Ni kazi yako. Sema ameoa."

Kibwana aliinama zaidi juu ya moshi.

"Ameoa."

"Nani?"

"Mwanamke mmoja wa huko Tabora. Mvivu. Hajui kuchoma hata muhogo."

"Sasa anampa nini Petro wangu?"

"Uji. Tena wenye madonge."

Paskalia akaanza kumtukana mwanamke huyo. Alimtukana mikono yake, chungu chake na ukoo wake wote, akamwambia aone haya kumlisha mtu mzima madonge, akamtukana mpaka sauti ikamkauka, na katika kila tusi alikuwa akimwomba Mungu mwanamke huyo awepo kweli.