Sekunde Kumi na Moja za Eliezer

Mwanangu Eliezer alikuwa na miaka kumi na tisa siku gari lake dogo lilipopinduka kwenye fainali ya kisiwa chote. Alikuwa anaongoza, umebaki mzunguko mmoja.

Katika mbio za magari ya rimoti, dereva husimama juu ya jukwaa na haruhusiwi kushuka. Gari likilala chali, hunyanyuliwa na mmoja wa waliotoka kumaliza mbio zilizotangulia. Ndiyo zamu yake: anavaa kizibao cha rangi ya chungwa na kulinda kona. Kona ile alikuwa Heriberto Quiles. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Nilihesabu sekunde kumi na moja. Gari la kaka wa Heriberto likapita, likachukua kombe.

Kamba ile ilikuwa imefungwa tayari. Niliiona kwa macho yangu.

Tangu hapo mji wetu wote wa Moca ukamwita Eliezer Tumbo-Juu. Akienda kununua mkate, wanamuuliza, "Vipi Tumbo-Juu, leo umeamka?" Akaacha mbio. Akawa fundi wa viyoyozi, akaoa, akaachana na mkewe, akaota kitambi. Miaka kumi na minne hakushika rimoti. Gari nililiweka kabatini chini ya mashuka, na kila Jumamosi nikalifuta vumbi. Halikuwa pendo tu lililonifanya nilifute.

Januari iliyopita aliitwa kutengeneza kiyoyozi, kumbe nyumba ni ya Heriberto, na sebuleni wamejaa wageni.

"Jamani, huyu ndiye Tumbo-Juu mwenyewe!" Heriberto akasema. Wakacheka.

Eliezer alimaliza kazi, akaja kwangu moja kwa moja.

"Mama, lile gari ulilitupa?"

"Liko kabatini."

"Betri zitakuwa zimekufa."

"Nunua nyingine."

Siku ya mashindano nilibeba alcapurria, vitafunwa vyetu vya ndizi na nyama vya kukaanga, na dawa zangu za presha, nikashika waya wa uzio tangu asubuhi. Raundi ya kwanza alikosea kona mbili. Ya tatu, akawa na muda wa pili kwa ubora kati ya wote. Fainali huchukua madereva kumi tu. Heriberto, ambaye hakuwahi kuacha mbio, alikuwa wa kumi na moja, amebakiwa na raundi moja ya kujiokoa, na kundi lake lilifuata baada ya kundi la Eliezer. Kwa hiyo mwanangu akavaa kizibao, akashuka kwenye kona.

"Tumbo-Juu!" Heriberto akapaza sauti jukwaani. "Kaa macho, baba, usisinzie!"

Mzunguko wa tatu gari lake liliruka tuta, likatua upande, likabingirika hadi miguuni pa Eliezer. Chali.

"Gari! Nyanyua gari, bwana!"

Eliezer akanitazama. Sheria tuliijua sote wawili: anayezembea zamu hufutiwa raundi yake bora, na bila raundi ile hana fainali. Mama mwema angetikisa kichwa. Mimi nilikiinamisha, polepole, ndiyo.

Akapiga goti, akaanza kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba.

"We mshenzi, unafanya nini!"

Moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa sauti, na mama mmoja pembeni yangu akanisogelea kuuliza kama naumwa. Ilipofika kumi na moja, Eliezer akalinyanyua gari kwa upole, akaligeuza lilikotakiwa kwenda.

Heriberto alishuka jukwaani amewiva uso. "Ulilala?"

"Nililala, don Heriberto. Ugonjwa niliupata kwako."

Mwamuzi akatangaza adhabu. Waliokosa fainali ndio husimamia kona zake, kwa hiyo wote wawili wakapewa vizibao, kona mbili zinazotazamana. Dakika ishirini wakakimbia juani kunyanyua magari ya wenzao, Heriberto akitweta, haangalii upande wetu. Kila alipoinama, mtu alimpigia kelele, "Kamba, Heriberto! Angalia kamba!"

Kule kuinamisha kichwa sijakuungama kwa padri. Nilimpa mwanangu alcapurria ya mwisho, ingali na joto, naye akaila yote.