Tepe Tumboni mwa Ndafu

Enzi zetu hapa ughaibuni, mjini Blacktown, harusi haikuwa harusi mpaka keki ifungwe tepe. Mliokulia huku mnaikumbuka. Nyie wa juzi kaeni mkao wa kula niwasimulie. Mama alifundishwa na jirani yetu, bibi wa Kizungu aliyependa maandazi yake. Unachukua vitu vidogo vya bahati, kila kimoja unakifunga kwenye utepe wake, unavificha chini ya keki na kuacha ncha zining'inie. Kabla keki haijakatwa, wasichana wasioolewa wanavuta. Mwenye pete ataolewa karibuni, mwenye sarafu atatajirika, mwenye nanga atasafiri, na mwenye kifungo, pole yake, atabaki kwao.

Wazee wa kanisa waling'aka. Hirizi kwenye keki? Mchungaji akaona heri aiombee kwanza, na alikuwa mtu wa maombi marefu, ukumbi hauna hata feni. Akifika amina, krimu imeshateremka mezani. Sisi watoto tulifumba jicho moja tu, la pili likilinda krimu.

Sasa, mama yangu mdogo, Furaha, alifanya kazi ya kutunza wazee. Mcheshi, mpishi, sauti ya kuamsha mtaa. Lakini utepe ulimkataa. Harusi ya kwanza, kifungo. Ya pili, kifungo. Ya tatu, kule Macquarie Fields, kifungo tena, na akina mama wakaanza kumtazama kwa huruma ya msibani. Alicheka mbele za watu, kisha akalia ndani ya gari, mimi nikiwa siti ya nyuma na sinia la pilau mapajani. Akamwambia Mama, "Dada, nikivuta kifungo tena, harusi zenu mtakuwa mnanisimulia."

Mama hakuwa mtu wa kuachia mambo hivihivi. Harusi iliyofuata, ya binti mmoja wa Bankstown, akaifunga pete kwenye utepe mwekundu na kumnong'oneza mdogo wake avute huohuo.

Ilikuwa Januari, joto la kukaangia mayai juu ya boneti. Keki ilisafiri kwenye buti la gari, ikafika ukumbini imekuwa uji. Mwingine angekubali yaishe. Mama akavichokora vile vitu, akavisuuza, akamgeukia ndafu.

Kwa wasiojua, ndafu ni mbuzi mzima wa kuchomwa, majani mdomoni, anayeingizwa kwa vigelegele na kukatwa kama keki. Aliyemchoma ni Anko Deo, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mpole, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Mama akazisukumia tepe zote tumboni mwa mbuzi. Kifungo kilikuwa kimepotelea kwenye uji wa keki, naye hakutaka mchezo wa nusunusu, basi akachukua kisu akakata kimoja kwenye koti lililotundikwa kitini. Ni la nani, hakuuliza.

Mafuta ndiyo aliyoyasahau. Wasichana walipoitwa, tepe zote zilikuwa rangi moja, rangi ya mchuzi. Furaha akamtazama Mama, Mama akatazama dari. Wakavuta. Pete ikaenda kwa kasichana kalikofuata soda tu. Utepe wa Furaha ukanasa kwenye ubavu. Akavua viatu, akavuta kwa zile nguvu za kumgeuza mzee kitandani, na mbuzi akamfuata. Anko Deo akaruka, akamdaka mbuzi kwa mkono mmoja na Furaha kwa mwingine, wote watatu wakakaa chini. Kwenye ncha ya utepe, kifungo.

Kidevu cha Mama mdogo kikaanza kutetemeka. Niliona uchungu mpaka nikasahau kutafuna. Anko Deo akakitazama kifungo, akalitazama koti lake kitini.

"Hicho changu," akasema, bila kuulizwa hata mara moja.

Furaha akajifuta mafuta usoni. "Basi lete koti nikushonee."

Alilirudisha Jumapili kanisani, limefuliwa na kupigwa pasi. Tangu hapo vifungo vya Anko Deo vikawa vinakatika kila wiki, mtu mzima, bila aibu. Harusi yao tulikula ndafu wawili.

Siku hizi harusi zina mpangaji wa kulipwa na keki ya boksi ya kupigia picha. Vijana wanaitazama sahani kwa simu mpaka chakula kipoe. Akina mama waliokuwa wakicheza na sinia la ndafu kichwani wengi wametangulia, Mama mmojawao, nami nawakumbuka kila nikinusa nyama ya kuchoma. Juzi binti yangu alituonyesha kwenye simu keki ya tepe, akatueleza kwa Kiingereza kana kwamba imevumbuliwa wiki iliyopita. Mama mdogo Furaha akavaa miwani, akatazama mpaka mwisho, Anko Deo akisinzia begani kwake. Kisha akarudisha simu.

"Nzuri," akasema. "Sasa mbuzi wao yuko wapi?"