Upatu wa sukari wa Vihingo ulivyoivuruga theory yangu ya chuo

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mstaafu, sina cha kupata kwa kumdanganya mtu humu, kwa hiyo yapokeeni kama yalivyotokea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa chuo, kijana wa Visiga, nasoma political economy. Mwalimu wetu hakutaka kusikia habari za soko kujirekebisha lenyewe. Kila siku alikuwa na maswali yaleyale: nani anazalisha, nani anafaidi, na mambo yakiharibika nani anaumia?

Nilimpenda sana yule mzee, acheni tu.

Likizo akatutuma field. Mimi nikaangukia Vihingo, kule Kisarawe, nyumbani kwa Bi Mwanahawa, mjane anayelima korosho na mihogo. Kazi yangu ilikuwa kutafuta matabaka ya wakulima, tajiri ni yupi na masikini ni yupi.

Wa rika langu mnaikumbuka hali. Sukari, sabuni, hata kiberiti, vyote kwa mgawo duka la ushirika. Na ukikutwa umeficha bidhaa, wewe ni mlanguzi, unakamatwa.

Sijakaa hata wiki, nikamsaidia mama kusogeza kitanda chumba cha ndani. Nikakuta nusu gunia la sukari!

Nikajisemea, tajiri nimempata mapema.

Bi Mwanahawa akacheka. "Mwanangu, hiyo si yangu peke yangu. Tunacheza upatu sisi wanawake. Pesa siku hizi hata ukiwa nayo dukani hamna kitu, basi tunachezea sukari."

Yaani kila nyumba inapunguza kwenye mgawo wake, wanampa mmoja kwa zamu, naye anafanyia shughuli yake. Zamu hii ilikuwa yake. Jumamosi alikuwa anamtoa mwali, binti yake aliyekuwa amewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Wageni wangetoka mpaka Mlandizi, na shughuli bila chai tamu ni aibu ya ukoo mzima.

Ijumaa asubuhi akaingia katibu kata na mgambo wawili. Kuna mtu alikuwa amemchongea mama.

Gunia likatolewa uani. Niliogopa kwelikweli, maana mama angefungwa na shughuli ya binti ingekufa.

Nikajitosa kueleza. Nikaanza na nguvu za uzalishaji, nikaingia kwenye ziada na mgawanyo wake. Mgambo mmoja akapiga mwayo.

"Nimeuliza sukari ya nani," katibu akasema.

Wanawake walishajaa uani. Mmoja akasema na yake imo. Mwingine naye. Wakaendelea hivyo, mpaka mama mmoja wa nyuma, kanga mdomoni anazuia kicheko, akasema, "Na yetu imo, Baba Zainabu."

Mkewe!

Katibu akamkodolea macho. "Kumbe ndiyo maana nakunywa chai chungu tangu mfungo uishe?"

"Si wewe uliyetuambia mkutanoni tufunge mikanda?"

Uani wakaangua kicheko, mgambo nao wamo. Katibu alijaribu kununa akashindwa.

"Rudisheni gunia," akasema. "Na kesho mimi nakaa karibu na birika."

Mwali alitolewa, tukanywa chai mpaka meno yakauma.

Nilichojifunza: wakati wa shida usiishie kutazama nani ana kitu. Uliza kimefikaje pale na kinaelekea kwa nani.

Mwalimu aliipenda kazi yangu, ila akaniuliza: yule katibu tumweke tabaka gani?

Mpaka leo sijapata jibu. Ninyi mngemweka wapi? Na mama zenu walichezea upatu wa nini miaka ile?